Upande Huu wa Mtaro

Risasi ilikuwa ndani ya kikombe kidogo cha plastiki cha kupimia dawa, imeoshwa hadi inang'aa.

"Nani ameiosha?" Renata Govro aliuliza.

"Muuguzi," alijibu naibu sherifu Kurt Oberle. "Mgonjwa akitolewa risasi, humpa aende nayo nyumbani, kumbukumbu. Nilipofika alikuwa ameshamaliza kuisugua."

Renata alikisogeza kikombe dirishani. Alikuwa afisa wa wanyamapori wa jimbo la Missouri, mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mwenye goti bovu. Hii ilikuwa wiki ya mwisho ya msimu wa kulungu, na tangu msimu uanze hakukumbuka siku aliyokula mezani kwake. Kahawa aliyonunua kwenye mashine ya hospitali ilikuwa imepoa mkononi bila kunywewa.

Risasi ilikuwa nzito, nene kama ncha ya kidole, imepondeka upande mmoja. Kitako chake kilikuwa kizima.

"Kitako safi," Oberle alisema. "Hakuna masizi. Baruti huacha masizi, hewa haiachi kitu. Na katika wilaya hii mwenye bunduki ya hewa ya kuulia kulungu ni mmoja tu, Verlin Basler."

"Na sabuni huacha nini?"

Oberle alitazama saa yake. Alikuwa kijana mnene, mpole, na hakupenda kazi imchukue muda kuliko ilivyostahili.

Harlan Sauer, mlinzi wa mashamba ya familia ya Dufour, alikuwa amelazwa chumba cha pili, paja limefungwa bendeji hadi nyongani. Alikuwa amepigwa risasi jana asubuhi chini ya tuta la mto, akizunguka kuangalia wavamizi. Aliwatazama wote wawili kama mtu aliyekwisha kuhojiwa mara nyingi mno.

"Nimeshamwambia Kurt. Sikusikia bunduki."

"Sikuulizi kama ulisikia bunduki, bwana Sauer," Renata alisema akivuta kiti. "Nakuuliza ulisikia nini."

"Sikusikia kitu."

"Hata ndege?"

Sauer alifikiri. "Kulikuwa na mlio mmoja. Kama mtu amevunja ubao mkavu juu ya kichwa changu. Pah! Nikageuka kuangalia. Ndipo mguu ukanikimbia."

"Ubao ulivunjika kwanza, kisha mguu?"

"Ndiyo."

"Katikati hapo ungeweza kufanya nini?"

"Kutukana tu. Nilianza, sikumaliza."

"Lilikuwa tusi refu?"

"Mama, mimi ni Mkatoliki. Lilikuwa fupi."

Oberle alicheka, Renata akaandika. Walipotoka chumbani Renata aliegemea ukuta ili goti lipumzike.

"Risasi ikienda kasi kuliko sauti, hulia kama mjeledi ikipita karibu nawe," alisema. "Ule ndio ubao wake. Ile ya kwanza ilimkosa, ya pili ikampata. Bunduki ya Basler inasukuma kipande kizito sana cha risasi, na inakisukuma polepole kuliko sauti. Kikikupita husikii kitu cha kupasuka. Tena ni ya risasi moja moja: ufungue, utie, ufunge, ulenge upya. Tusi fupi la Mkatoliki haliwezi kuchukua muda huo."

"Kwa hiyo ni bunduki ya baruti yenye kizuia sauti."

"Ndivyo ninavyoona."

"Mwendesha mashtaka atakuambia huyu bwana amejaa dawa za maumivu mpaka masikioni."

"Atakuwa na haki ya kusema hivyo. Maabara nao watanijibu baada ya wiki tatu."

"Yeye anataka kumshtaki Basler leo." Oberle alikwaruza shingo. "Na Basler mwenyewe amekiri alikuwa pale, Renata. Nilimuuliza mara moja tu, akanijibu hapo hapo: nilikuwa kwa Dufour, chini ya tuta, nikaua kulungu. Mtu aliyewahi kufungwa kwa kuvamia duka na bastola. Hakimu gani atasikiliza habari za mjeledi?"

Hilo ndilo lililomtuma Renata kupanda pikapu yake badala ya kurudi ofisini. Mtu asiye na hatia hujiweka mbali na mahali pa kosa. Mwenye hatia pia hujiweka mbali. Verlin Basler alikuwa amejiweka katikati.

Nyumba ya Basler ilikuwa ya mbao, rangi imebanduka upande unaopigwa na upepo wa mtoni. Bandani, kulungu dume alining'inia kwa miguu ya nyuma, ameshachunwa nusu. Renata alipita hapo kwanza. Tundu moja la kuingilia nyuma ya bega, tundu moja la kutokea, nyama ya pembeni haikuchanika. Kazi ya risasi nzito iendayo polepole, imepita moja kwa moja. Kibandiko cha kibali kilikuwa kimefungwa pembeni mwa pembe kama sheria ya Missouri inavyotaka, na saa ya kuripoti kwa simu ilikuwa saa moja na nusu asubuhi. Sauer alikuwa ameita gari la wagonjwa saa moja na robo.

Mlango ulifunguliwa na Irma Basler, mwanamke mdogo, mkono wake wa kushoto umevimba mishipa pale sindano za kusafishia damu zinapoingia. Jikoni sufuria ya madonge ya maini ilikuwa inatokota.

"Kaa, afande. Ya kwake hayo, mimi sili, daktari amenikataza kila chenye ladha."

Verlin alikuwa amekaa mezani, mzee mrefu wa mikono mikubwa. Hakuinuka. Renata alimsomea haki zake zote, neno kwa neno, na kumwambia anaweza kumwita wakili kabla ya kusema chochote.

"Wakili nimlipe nini, pembe?" Verlin alisema. "Uliza."

"Kulungu ulimpigia wapi, mzee Basler?"

"Missouri."

Renata alifungua daftari. Sufuria ilitokota.

"Missouri sehemu gani?"

"Kwa Dufour. Chini ya tuta. Upande wa Missouri."

"Swali hili nawauliza watu kila msimu," Renata alisema. "Wananijibu, kwa Dufour penye mti uliopigwa na radi. Au nyuma ya makaburi. Au kwa mjomba, pale kwenye trela bovu. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuanza kwa kunitajia jimbo."

Verlin alitazama mikono yake.

"Unajua nani alipigwa kwa Dufour jana asubuhi?"

"Najua. Sikumpiga mimi."

"Nakubali. Sasa kwa nini unajipeleka pale?"

"Verlin," Irma alisema akiwa jikoni, "mwambie."

"Nyamaza, Irma."

"Miaka thelathini na minne unaniambia ninyamaze, na sijanyamaza hata mara moja. Unadhani nitaanzia leo, mbele ya mgeni?"

Renata aliondoa kofia akaiweka mezani. "Basi niseme mimi, mzee. Ukiniona nimekosea, nikatize. Wewe huruhusiwi kushika bunduki ya baruti maisha yako yote. Missouri haihesabu bunduki ya hewa kuwa silaha ya moto, na inakuruhusu kuwindia kulungu msimu huu, mradi iwe ya tundu pana na ijazwe hewa kwa mtungi. Yako ni hiyo. Huku huna kosa. Ukivuka mpaka ukaingia Illinois, bunduki hiyo hiyo, kwa upana wake na kasi yake, wao wanaihesabu kuwa silaha ya moto. Kwa mtu aliyewahi kufungwa ni jela. Tena huko hawaruhusu kabisa kulungu apigwe kwa hewa."

"Yote hayo nayajua."

"Tangu lini?"

"Tangu juzi." Aliinua macho. "Jana, nilitaka kusema. Jana jioni. Kurt alipoondoka na bunduki yangu nilikaa hapa nikafungua ramani kwenye simu. Nikaweka kidole pale nilipokuwa nimekaa. Kumbe mstari haupiti mtaroni, afande. Uko huku, nyuma yangu. Nilikuwa nimekaa Illinois."

Renata hakuhitaji kuelezwa zaidi. Zamani sana mto, uliokuwa mpaka wa majimbo hayo mawili, ulikuwa umekatiza njia mpya mashariki, ukaliacha bonde zima la Beausoleil upande wa Missouri, ilhali sheria ilibakiza mpaka katikati ya mkondo wa zamani. Mkondo wenyewe ulikauka, ukalimwa, ukasawazishwa kwa trekta. Baadaye wakulima wakachimba mtaro wa kutoa maji karibu na hapo, na wenyeji wote, vizazi viwili sasa, walikuwa wakiuita mtaro huo mpaka. Mtaro ulikuwa wa kuonekana. Mpaka haukuonekana.

"Ulimwambia Kurt uko kwa Dufour kabla ya kufungua ramani," alisema.

"Kurt alipouliza nilikuwa wapi, nilishasikia moyoni kwamba nimekaa karibu mno. Nilisema mahali pa kwanza palipo Missouri bila ubishi. Sikuwa na habari ya Sauer. Aliniambia baadaye."

"Na alipokuambia, kwa nini hukubadilisha?"

Verlin alisugua viganja vyake juu ya meza.

"Hilo la Missouri sikulifanya," alisema. "La Illinois nimelifanya. Nikaona afadhali nishtakiwe kwa ambalo sikulifanya."

"Watu wanafungwa pia kwa wasiyoyafanya."

"Wewe ndiye unaniambia hivyo? Mwenye beji?"

"Mimi ndiye."

Irma alizima jiko. "Akifungwa Missouri, miaka mingapi?" aliuliza bila kugeuka.

"Kumpiga mtu risasi, na rekodi yake, ni mingi. Sitaki kukudanganya, hata kumi na zaidi."

"Na Illinois?"

"Michache. Pengine isiwepo kabisa, wakimwelewa. Sina mamlaka huko, siwezi kuahidi."

"Mimi sina hata huo mwaka mmoja wa kuchezea," Irma alisema. Alisema kama mtu anayetaja hali ya hewa. "Mashine mara tatu kwa wiki, na anayenipeleka ni yeye. Kwa hiyo mwamue wenyewe, ila mwamue haraka, kwa sababu leo zamu yangu ni saa nane mchana."

Verlin alisimama, akachukua koti.

Walikwenda kwa pikapu ya Renata kwenye barabara ya juu ya tuta. Kulia, mashamba ya Dufour yalikuwa yamevunwa, mabua yakisimama ndani ya barafu nyembamba. Renata alipunguza mwendo penye utepe wa polisi, alama ya mahali Sauer alipoanguka, akaseti kipimo cha umbali cha gari na kuendelea. Barabara ilikwisha kabla ya kufika mtaroni. Kutoka utepeni hadi hapo ilikuwa karibu maili mbili, na wangeingia ndani zaidi kwa miguu.

"Siku ya jana tope lilikuwa limeganda?"

"Lilikuwa laini. Lilinivua buti mara moja."

Walishuka tuta, mtaro ukiwa bado mbele yao. Renata alishika simu mkononi, akitazama nukta ya buluu ikisogea. Chini ya tuta walikuwa bado Missouri. Walitembea ndani ya mabua ya soya, goti lake likilalamika kila hatua, hadi kwenye bonde dogo la kina cha sahani, ambalo mgeni asingelitofautisha na shamba lingine. Nukta ilipita juu ya mstari.

"Hapa," alisema.

"Hapa?" Verlin alitazama chini ya miguu yake. "Baba yangu alilima hapa. Alilipa kodi ya nani sasa?"

"Sijui. Pengine ya wote wawili."

"Angekasirika sana."

Mti ulikuwa mbele kidogo, kabla ya mtaro, mkubwa, mweupe, na chini yake ubao wa kukalia uliopigiliwa misumari iliyoota kutu. Rundo la matumbo ya kulungu lilikuwa mbele ya ubao, umbali wa kurusha jiwe. Tai na mbweha walikuwa wamepita. Kilichobaki ni doa jeusi kwenye majani, mfuko wa tumbo uliopasuliwa, na manyoya ya kulungu. Kutoka hapo njia ya kuburura ilirudi moja kwa moja hadi kwenye tuta, pana, na pembeni mwake nyayo za mtu mmoja aliyetembea kinyumenyume akivuta. Mahali fulani buti lilikuwa limezama, na kando yake alama ya mguu wenye soksi.

Renata alipiga picha kila kitu mara mbili, kwanza kwa mbali, kisha kwa karibu na kipimo pembeni. Nyuma ya doa palisimama mti mwembamba, na shinani mwake, usawa wa goti, tundu jipya.

"Imo humo," Verlin alisema. "Nina kisu."

"Rudisha kisu mfukoni. Siwezi kuichimba. Huku mimi ni mpita njia mwenye kamera."

Alikaa kwenye ubao ule wa misumari yenye kutu, akalenga tundu kwa kidole. Mstari ulipita juu ya doa. Alikuwa ametumaini, njia nzima, kwamba huenda kulungu alipigwa Missouri akakimbilia Illinois kufa, na kama ingekuwa hivyo angeliandika na kwenda kulala. Haikuwa hivyo. Mpigaji alikaa hapa, mnyama alisimama pale, wote wawili upande mbaya.

"Saa moja na robo Sauer anaanguka," alisema. "Saa moja na nusu wewe unaripoti kulungu. Muda huo hautoshi mtu wa rika lako kutoka kwa Dufour hadi hapa katika tope hili, sembuse kumpasua dume na kumburura. Njia ya kuburura ni moja, nyayo zimepita mara moja. Mwendesha mashtaka wetu hana kesi tena. Nitamwambia hivyo leo, na Kurt aanze kutafuta mwenye kizuia sauti."

"Na huku?"

"Huku ushahidi ule ule unasema ulikuwa na silaha ya moto Illinois. Hauwezi kukusafisha upande mmoja bila kukuchafua upande wa pili. Nimejaribu kuutenganisha tangu jikoni kwako, hautengani."

"Ungeweza kutoleta simu hiyo."

"Ningeweza."

Verlin aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa bei aliyoitarajia.

Renata alimpigia Wendell Prange, afisa wa wanyamapori wa Illinois, ng'ambo ya mto wenyewe. Waliwahi kufanya kazi pamoja kwenye kesi ya bata.

"Uko wapi?" Prange aliuliza.

"Kwako. Beausoleil, nimesimama ndani ya jimbo lako kwa mita kama tisini."

"Lo, pole. Umelewa?"

"Nimechoka." Akamweleza yote kwa mpangilio, bila kuongeza na bila kupunguza, pamoja na mtaro, ramani, na rekodi ya kifungo. "Amenileta mwenyewe. Sikujua mahali, na nisingepajua. Andika hilo, Wendell, na uliandike juu kabisa, siyo chini."

Kalamu ya Prange ilisikika ikikwaruza karatasi. "Mkuu wangu naye ana shamba upande huo," alisema mwishowe. "Mpaka mwaka juzi alikuwa akisema mpaka ni mtaro. Nitamkumbusha. Lakini lazima nije, Renata. Na unajua njia: nishuke mpaka darajani, niingie kwenu, nipande tena. Saa nzima na kitu."

"Najua."

"Utamshikilia?"

"Kwa mamlaka gani? Huku siwezi. Na nikimvusha Missouri hana kosa."

"Basi..."

"Basi njoo."

Alikata simu. Upepo ulikuwa ukivuma kutoka mtoni, na mabua yalitoa mlio mkavu. Ilikuwa inakaribia saa saba mchana.

"Nimekusikia," Verlin alisema. "Kwa hiyo hakuna anayenishika."

"Kwa saa moja na kitu, hakuna."

"Unaniambia nikimbie?"

"Sikuambii lolote. Nakueleza sheria ilivyo hivi sasa, kwa sababu una haki ya kujua."

Verlin alitazama shamba, na juu yake tuta, na juu ya tuta pikapu ya Renata. Kutoka hapo hadi nyumbani kwake palikuwa karibu. Alipandisha ukosi wa koti. Kisha akaenda kwenye mti, akakaa juu ya ubao, miguu mbele.

"Akinikuta nyumbani ataandika alinitafuta," alisema. "Akinikuta hapa ataandika nilimngoja. Si ndivyo?"

"Ndivyo atakavyoandika. Namfahamu."

"Sawa." Aliingiza mkono kwenye koti akatoa funguo, akazishika kwanza, halafu akazinyoosha. "Saa nane, basi. Kliniki ni ile ya jengo la matofali. Tumia gari letu, la kwako liko juu sana, hawezi kupanda. Kiti chake kisukume nyuma mpaka mwisho. Blanketi liko nyuma."

Renata alizitazama funguo. Alikuwa na ripoti mbili za kuandika, simu ya kumpigia mwendesha mashtaka, na mpigaji wa Sauer aliyekuwa bado anatembea. Alizipokea.

"Na akishuka usimpe mkono," Verlin alisema. "Atakukatalia, na atakukasirikia njia nzima ya kurudi. Simama tu karibu, kama vile unaangalia kitu kingine."

"Upande gani?"

"Kushoto. Kushoto ndiko huwa anaangukia."

Renata alizitia funguo mfukoni, akaanza kurudi kwenye tuta, akichechemea.